Kuipima kompyuta mpakato nyembamba kabla ya kulipa

Maelezo kwa wanunuzi wa Kamuli, Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta mpakato nyembamba, hizi ambazo watengenezaji huziita za kibiashara na ambazo wauzaji wetu huzisifu kwa wepesi wake. Nyingi hazizidi kilo moja na nusu, huingia katika mkoba pamoja na daftari, na mtu akiifungua mbele ya wenzake huonekana mtu wa ofisi. Wanaozitafuta hapa si wachache. Katibu wa chama cha msingi anayetunza kilo za kahawa za kila mkulima, mwalimu mkuu, mwenye duka la pembejeo, mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, kijana anayechapa barua na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kila mmoja wao ana haja ya kweli. Na mara nyingi fedha inayonunua mashine hiyo ni ya watu wengi, au ni ya msimu mzima wa mavuno. Ndiyo sababu nisingependa mtu aitoe kwa kuvutiwa na rangi.

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Mimi ambaye kazi yangu ni kumwambia mlaji afumbue macho, nilinunua mashine ya namna hii bila kuuliza swali hata moja. Ilikuwa imetumika, imesafishwa ikang'aa, bawaba zake laini, kibodi yake ina taa. Muuzaji aliiacha imechomekwa kwenye umeme muda wote tuliozungumza, nami sikuona ajabu. Baada ya miezi mitano, kile kibao cha kuongozea mshale kilianza kuinuka kama udongo unaosukumwa na fuko. Betri ilikuwa imevimba chini yake. Fundi wa kwanza alinirudisha, hakuwa na bisibisi ya skrubu ndogo kama zile. Wa pili, mjini, aliifungua akanionyesha kwamba betri imebandikwa kwa gundi, na kwamba ya kufanana nayo lazima iagizwe Dar es Salaam. Ilipofika, mashine ilikuwa imekaa kabatini wiki saba, na taarifa niliyopaswa kuiwasilisha nimeiandika kwa mkono. Kwa muuzaji sikurudi, maana sikuwa na karatasi yoyote yenye jina lake.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba wembamba una malipo yake. Mwaka 2008, kampuni ya Apple ilipoonyesha MacBook Air ya kwanza, kiongozi wake Steve Jobs aliichomoa ndani ya bahasha ya karatasi, watu wakashangilia. Lakini ili iingie katika bahasha ile, mashine ilinyimwa tundu la waya wa mtandao na sehemu ya kusomea CD, ikabakiwa na tundu moja tu la USB. Kumbukumbu yake ya kazi ililehemewa kwenye bodi kuu, na betri ikafungiwa ndani. Kampuni nyingine zikafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2012 Lenovo ilitoa ThinkPad X1 Carbon, mashine ya kazi yenye sifa njema hadi leo, nayo kumbukumbu yake imelehemewa vilevile.

Sasa fikirini maana ya jambo hilo kwa mtu wa Kamuli. Kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM, ni kama meza unayofanyia kazi. Hifadhi ni kama kabati unamoweka mafaili kazi ikiisha. Meza ikiwa ndogo, unafungua orodha ya wakulima, unafungua barua pepe, na tayari hakuna pa kuweka kiwiko. Katika mashine nene za zamani fundi alifungua kifuniko, akachomeka kipande kingine, meza ikapanuka. Katika nyingi za nyembamba haiwezekani. Ukinunua yenye GB 4 umefunga ndoa na GB 4 hadi siku itakapokufa. Kwa kazi za ofisi leo, mimi ningesema GB 8 ni kiwango cha chini, na ikiwa imelehemewa na mnatarajia kuitumia miaka mingi, tafuteni GB 16.

Tena msidhani kwamba jina la kampuni linatosha. HP EliteBook 840 kwa kawaida ina nafasi za kuchomeka kumbukumbu. EliteBook x360 1030, ndugu yake mwembamba zaidi, imelehemewa. Majina yanafanana, nembo ni ile ile, na muuzaji anaweza kuziweka bega kwa bega mezani. Kwa hiyo andikeni jina kamili la toleo pamoja na namba zake zote, mkatafute kwa simu maelezo ya mtengenezaji kabla ya kurudi dukani. Saa moja ya intaneti ni nafuu.

Kuna aina nyingine inayofanana nazo kwa umbo tu. Hizi ni mpya, nyembamba, bei yake ya kuvutia, na ndani zina kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina inayoitwa eMMC, iliyolehemewa nayo. Zilitengenezwa kwa mwanafunzi anayesoma mtandaoni na kuandika kidogo. Windows yenyewe ikishakaa na masasisho yake, sehemu kubwa ya kabati inakuwa imejaa kabla hamjaweka faili la kwanza. Mtu akiwaambia kwamba mpya daima ni bora kuliko iliyotumika, mwonyesheni mashine hii.

Juu ya matundu nitasema kwa ufupi. Hesabuni vitu mtakavyochomeka: printa, flashi, modemu, projekta ya kwenye mkutano mkuu wa chama. Kisha hesabuni matundu ya mashine. Yakipungua mtahitaji kiunganishi cha pembeni, na bei yake ni sehemu ya bei ya kompyuta. Pendeni yenye angalau tundu moja la USB la umbo la kawaida, maana flashi mlizo nazo nyumbani zote ni za umbo hilo.

Umeme unahitaji maneno zaidi. Mnajua wenyewe kwamba kwa miaka mingi mkoa wetu wa Kagera ulipata umeme kutoka Uganda, na mnajua unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Geuzeni adapta ya chaja msome penye neno INPUT. Ikiwa imeandikwa 100–240V, kupanda na kushuka kwa kawaida haitakusumbua. Kishindo cha umeme unaporudi ndicho kinachoua, kwa hiyo chomoeni unapokatika. Wanaotumia sola wasome upande wa OUTPUT. Mashine nyingi nyembamba za miaka ya karibuni hupokea chaji kupitia tundu la USB-C kwa wati 45 au 65, na zipo chaja za gari za volti 12 zinazoweza kutoa kiasi hicho moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola, bila kupitia inveta inayokula sehemu ya umeme njiani. Kwa nyumba isiyo na waya wa TANESCO, hili ni jambo kubwa kuliko taa za kibodi.

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, na huandikwa Wh. Mashine nyembamba ikifanya kazi ya kuandika hutumia kama wati 10. Betri ya Wh 50 ikiwa mpya itakupa kama saa 5. Iliyochakaa hadi kubakiwa na asilimia 60 itakupa saa 3. Muuzaji atasema, "Betri iko vizuri." Msibishane naye. Katika Windows andikeni amri hii kwenye dirisha la amri: powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza taarifa yenye namba mbili, DESIGN CAPACITY, yaani uwezo iliozaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo iliobaki nao. Gawanyeni ya pili kwa ya kwanza. Ningeijua amri hiyo siku ile, ningebaki na fedha yangu.

Ninyi hapa si wageni wa kupima mali. Mnunuzi wa kahawa ya maganda hasifu gunia kwa ushonaji wake. Anaingiza mkono hadi chini, anatoa konzi, anazitazama punje, anaziuma. Mama akinunua chungu hukigonga kwa kifundo cha kidole asikie sauti. Kwa nini basi tukifika mbele ya kompyuta tunaona haya kuigusa? Iombeni ikiwa imezimwa kabisa na haijachomekwa popote, muiwashe wenyewe. Bonyezeni kila herufi ya kibodi. Fungueni na kufunga kifuniko mara kadhaa, kwa maana bawaba za mashine nyembamba zikilegea hupasua fremu ya kioo, na safari ya bodaboda kwenye barabara zetu haizihurumii. Chomekeni flashi katika kila tundu. Iunganisheni na simu yenu mwone kama inashika mtandao. Sikilizeni feni, ikilia kama nyuki wakati hakuna kinachofanyika, ndani kumejaa vumbi au kuna kasoro. Iacheni ifanye kazi kwa betri nusu saa nzima, ninyi mkiwa mmekaa. Muuzaji mwaminifu atawapa kiti. Anayesema ana haraka amekwisha kujibu swali lenu.

Nikae kidogo kwenye mashine zilizotumika, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Sehemu kubwa ya kompyuta nyembamba za kibiashara zinazofika kwetu zilikuwa mali ya kampuni na ofisi za nchi za nje, zikauzwa baada ya miaka michache. Si vibaya, zilitengenezwa imara kuliko za nyumbani, na kwa bei ya mashine mpya dhaifu mtu aweza kupata iliyotumika yenye nguvu. Ila kampuni kubwa hufunga mashine zake kwa kufuli zisizoonekana. Ya kwanza ni neno la siri la mipangilio ya ndani kabisa, inayoitwa BIOS. Mara tu baada ya kuiwasha, kwa HP bonyezeni F10, kwa Dell F2, kwa ThinkPad F1. Ikidai neno la siri na muuzaji hana, iacheni. Mkiingia, tazameni namba ya utambulisho iliyoandikwa humo mwilinganishe na iliyo chini ya mashine. Zikitofautiana, bodi kuu imebadilishwa au kifuniko ni cha mashine nyingine.

Kufuli ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu inaweza kulala. Mashine iliyosajiliwa na kampuni huweza kuuzwa ikiwa na Windows iliyowekwa upya bila intaneti, ikafanya kazi miezi kadhaa. Siku mtakapoirudisha kwenye hali ya mwanzo huku imeunganishwa na mtandao, itaonyesha jina la kampuni msiyoijua na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Kuanzia hapo ni ubao. Na huenda iliibwa. Dawa yake ni kumwambia muuzaji airudishe kwenye hali ya mwanzo mbele yenu, ikiwa imeunganishwa na intaneti, hata kama itachukua saa nzima. Nendeni na chakula.

Jambo jingine la mashine zilizotumika ni umri wa Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na masasisho ya usalama ya kawaida yakakoma siku hiyo. Anayetunza akaunti za wakulima mia kadhaa anahitaji Windows 11, na Windows 11 haikubali kila mashine. Kwa zenye kichakato cha Intel, kwa ujumla inakubali kuanzia kizazi cha nane. Kizazi husomwa kwenye namba baada ya kistari: i5-7300U ni kizazi cha saba, hapana, i5-8250U ni cha nane, ndiyo, zinazoanza na 10, 11 au 12 ni za karibuni zaidi. Kuna mafundi wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani, na inawaka kweli, lakini Microsoft haiwajibiki kuisasisha.

Sasa niingie kwenye sheria, nayo nitaomba msikilize kwa makini, maana inabadilisha hata maneno ya kusema mlangoni mwa duka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia kuifanya na bidhaa hiyo, akaonyesha kwamba anategemea ujuzi wake, na muuzaji akawa ni mfanyabiashara wa bidhaa za namna hiyo, basi bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini mnunuzi akiitaja bidhaa kwa jina lake la kibiashara na kuuziwa kwa jina hilo, ulinzi huo unaondoka. Mnaona tofauti? Mtu anayeingia na kusema, "Nipe ThinkPad," amechukua mzigo wa uchaguzi begani mwake. Anayesema, "Natunza hesabu za chama chenye wakulima mia nne, natumia sola, nahitaji ifanye kazi saa nne bila umeme, unanishauri ipi?" ameuacha mzigo kwa muuzaji. Basi semeni kazi yenu kwanza, na ombeni ushauri huo uandikwe kwenye karatasi ya mauzo.

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba ukiikagua bidhaa, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ufa wa kioo ulioutazama ukanyamaza ni wako.

Karatasi ya mauzo iandikwe jina kamili la toleo, namba ya utambulisho, ukubwa wa kumbukumbu na hifadhi, hali ya betri, na muda wa dhamana pamoja na mahali pa kuipata dhamana hiyo. Dhamana ya mwaka mmoja inayopatikana Dar es Salaam pekee, kwa mtu wa Kyerwa, ipunguzieni thamani kwa nauli. Pamoja na karatasi hiyo daini risiti ya mashine ya EFD. Wapo watakaowapa bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti. Hiyo ya pili inaonekana nafuu hadi siku betri itakapovimba. Na ikiwa ni mali ya chama, mkaguzi wa hesabu atauliza risiti kabla hajauliza kompyuta.

Bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lisiwanyamazishe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumhadaa mnunuzi, na bango haligeuzi hadaa kuwa halali. Aliyeuziwa GB 8 akakuta GB 4, au akauziwa iliyotumika kwa jina la mpya, arudi kwa muuzaji kwanza na barua, abaki na nakala yake. Asiposikilizwa, aende kwa afisa biashara wa halmashauri, na apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Hakuna ofisi itakayoweza kumsaidia mtu aliyekuja na simulizi tupu, kama nilivyokuwa mimi.

Wengi wenu mko karibu na Murongo, na najua wapo wanaovuka kwenda kununua upande wa Uganda. Hakuna anayewakataza. Ila fahamuni kwamba vyombo vyetu vya kumlinda mlaji havina mamlaka juu ya duka lililo ng'ambo ya Mto Kagera, na mashine isiyopitishwa forodhani inaweza kukamatwa. Wekeni hayo kwenye hesabu kabla ya kufurahia tofauti ya bei.

Na jambo la mwisho ni la ndani yetu. Nimeambiwa kwamba wapo waliouza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua mtini, ili wapate kompyuta ya mtoto aliyeingia chuo. Nawaelewa, barua ya chuo haingoji mavuno. Lakini kahawa iliyouzwa kwa butura imeuzwa kwa bei ya mwenye shida, na kompyuta iliyonunuliwa kwa haraka hiyo hununuliwa bila kupimwa, hivyo mzazi hupoteza mara mbili kwa safari moja. Vyuo vingi vina vyumba vya kompyuta. Mtoto anaweza kuvitumia muhula wa kwanza, na mzazi akanunua baada ya mnada, fedha ikiwa mkononi.

Mzee mmoja wa bodi aliniuliza kabla hatujaanza: "Mwanangu, sasa sisi tununue nyembamba au nene?" Mzee wangu, kama kompyuta itakaa juu ya meza ya ofisi ya chama mwaka mzima, nunueni nene kidogo, yenye nafasi za kuongeza kumbukumbu na betri ambayo fundi wa Kayanga anaweza kuibadilisha asubuhi moja. Wepesi mnaoulipia hautabebwa na mtu. Kama ni ya afisa ugani anayezunguka vijijini kwa pikipiki, nyembamba inamfaa, yenye kumbukumbu ya kutosha tangu siku ya kwanza na chaji ya USB-C, na atenge fedha ya betri ya pili tangu siku anapoinunua.

Mezani hapa nimeweka mashine tatu. Moja kati yake ina neno la siri kwenye BIOS, na nyingine betri yake imebakiwa na chini ya nusu. Zote zimesafishwa zinang'aa sawasawa. Karibuni mzipime, na anayeanza aanze kwa kuziomba zikiwa zimezimwa.